Gari haliwaki tangu betri ilipoisha: linatoa "ta" moja, kisha dashibodi inazima kabisa

MwalimuKigamboni

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Nina Toyota IST ya mwaka 2004, yenye injini ya lita 1.3, ambayo nimeitumia kwa miaka minne bila kusumbuliwa na umeme. Wiki mbili zilizopita nilisafiri kwa basi kwenda Morogoro, nikaliacha gari nyumbani kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu, na niliporudi nikakuta nilisahau kuzima taa ndogo. Betri ilikuwa imekwisha kiasi kwamba hata milango haikuitika rimoti.

Jirani yangu alikuja na gari lake na nyaya za kubusti. Wakati anaunganisha ilitoka cheche kubwa kwenye betri yangu, tukarudi nyuma wote wawili, lakini mara ya pili gari liliwaka. Niliendesha moja kwa moja hadi kwa fundi wa mtaani, ambaye aliifungua betri, akaichaji kwa muda wa saa mbili hivi, akairudisha mahali pake na kuniambia mambo yamekwisha.

Tangu siku hiyo gari limekuwa la kubahatisha. Asubuhi nikizungusha ufunguo linatoa mlio mmoja wa "ta", na papo hapo taa zote za dashibodi zinazima kana kwamba betri imeondolewa. Nikisubiri kidogo, au nikifungua boneti na kuifunga kwa nguvu, taa zinarudi, na mara nyingine gari linawaka vizuri bila kusitasita. Pamoja na hilo, taa ya ndani na redio havifanyi kazi tena, na nikisimama kwenye foleni huku kiyoyozi kikiwaka, injini inashuka mno hadi inakaribia kuzima.

Fundi yule yule ameigonga stata, yaani mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha, kwa spana mbele yangu, gari likawaka, naye akasema huo ni ushahidi kwamba stata imekufa. Ananitaka ninunue stata ya mtumba kwa laki na themanini, na betri mpya juu yake. Kabla sijatoa fedha hizo, naomba ushauri wenu: je, betri kuisha mara moja kunaweza kweli kuua stata, redio na injini kwa pamoja?

KijanaWaGereji

Dada, hiyo ni alternata, yaani kile kizalisha umeme kinachochaji betri. Liwashe gari, kisha chomoa teminali ya hasi likiwa linaunguruma. Likizima ujue alternata haichaji, likiendelea kuunguruma ujue tatizo ni betri. Ni kipimo cha dakika moja na hakina gharama.

FundiWaPongwe

Mwalimu, kabla sijajibu swali lako naomba usifanye alichokushauri kijana wetu hapo juu. Namwelewa, kwa sababu hata sisi tulifundishwa hivyo zamani, wakati magari hayakuwa na kompyuta na kitu pekee ambacho kingeweza kuungua kilikuwa balbu. Betri katika gari linalounguruma hufanya kazi ya pili ambayo wengi hatuioni, nayo ni kumeza mawimbi ya umeme wa alternata. Ukiichomoa ghafla wakati alternata inazalisha, volti hupanda kwa sehemu ndogo ya sekunde hadi makumi mengi, na kompyuta ya injini, ambayo imeundwa kwa volti 12 hadi 14 na ushei, inaweza kuungua palepale. Kipimo hicho cha bure kinaweza kukugharimu zaidi ya hiyo stata.

Sasa nije kwenye swali lako. Betri kuisha hakuui stata wala redio. Katika miaka yangu zaidi ya 20 ya umeme wa magari hapa Tanga, magari mengi ninayoletewa "tangu betri ilipoisha" yameharibikia katika mikono iliyokwenda kuisaidia betri: aliyeunganisha nyaya, aliyefungua teminali, aliyezirudisha. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza kilichokufa ni nini, anza kwa kukumbuka kilichoguswa ni nini. Kwako kiliguswa mara mbili, na jirani na kisha fundi.

Gari lisilowaka lina lugha yake, na ukisikiliza vizuri litakuondolea nusu ya kazi. Ukizungusha ufunguo ukasikia "ta-ta-ta-ta" ya haraka kama mtu anayegonga kopo, na taa za dashibodi zinafifia na kurudi kwa mdundo huo huo, betri haina nguvu: swichi ya stata inavuta, volti zinaanguka, inaachia, inavuta tena. Ukisikia "ta" moja nzito na taa za dashibodi zikabaki zinang'aa kana kwamba hakuna kilichotokea, hapo mshuku stata, hasa zile shaba mbili ndogo zilizo ndani ya swichi yake ambazo hulika taratibu hadi zishindwe kugusana. Usiposikia chochote na taa zinang'aa, angalia gia kama kweli iko P, kisha rilei na swichi ya ufunguo. Lakini "ta" moja inayofuatwa na giza la ghafla la dashibodi nzima, kisha umeme unarudi wenyewe au kwa kutikisa boneti, hiyo ni njia ya umeme iliyokatika mahali fulani kati ya betri na gari. Mguso uliobaki ni mdogo, unatosha kuwasha taa zinazotaka ampea chache, lakini stata ikidai ampea mia na zaidi, mguso huo unasalimu amri na kila kitu kinazima pamoja nao.

Ndiyo maana spana ya fundi wako ilifanya kazi. Ukigonga stata unaitikisa injini, ukiitikisa injini unazitikisa nyaya zote, na mguso uliolegea unashika tena kwa bahati. Stata iliyokufa kwa kawaida haizimi dashibodi nzima namna hiyo.

Ninakuomba uazime au ununue mita ndogo ya kupimia umeme, hata ile ya bei rahisi inatosha. Iweke kwenye volti 20 za DC, kisha fanya vipimo vifuatavyo asubuhi kabla gari halijawashwa. Kwanza gusa vichwa vya betri vyenyewe, yaani ile risasi inayochomoza kutoka kwenye betri, usiguse teminali zilizoivaa. Betri iliyolala usiku kucha na imejaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.8 hakuna kitu. Pili, ncha za mita zikiwa papo hapo, mtu azungushe ufunguo nawe usome kinachotokea. Betri nzima haipaswi kushuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, na katika joto letu la pwani iliyo na afya hubaki juu ya 10.

Kipimo cha tatu ndicho mafundi wengi wanakiruka, na ndicho ninachokitaka zaidi. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, na ncha nyingine kwenye teminali iliyokivaa kichwa hicho hicho, kisha ufunguo uzungushwe. Vitu viwili vinavyogusana barabara vitasoma karibu na sifuri, tuseme 0.1 hivi. Rudia upande wa chanya. Baada ya hapo pima kutoka kichwa cha hasi hadi kwenye chuma kitupu cha injini, ambako isizidi 0.3, na kutoka kichwa cha chanya hadi kwenye boliti ya waya mnene wa stata, ambako isizidi 0.5. Popote utakapokuta volti nyingi wakati ufunguo umezungushwa, umeme unakwama hapo.

Usinunue kitu hadi utuletee namba hizo.

BandariniLikoni

Dadangu mwalimu, pole sana. Mzee wa Pongwe amekueleza vizuri, nami nitaongeza mawili kutoka upande huu wa Mombasa, kwa sababu hiyo cheche uliyoitaja imenikumbusha yaliyonipata mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliunganisha nyaya kinyume, nyekundu kwenye hasi na nyeusi kwenye chanya, usiku, kwa mwanga wa simu. Zilirushana cheche, nikazitoa haraka, nikaziweka sawa na gari likawaka, nikadhani nimenusurika. Siku ya pili betri ilikuwa imeisha tena. Nilibadilisha betri, nayo mpya ikaisha. Makanika wa kwanza akasema alternata, na nusura ninunue. Wa pili alipima tu akiwa ameinama: injini ikiunguruma, betri ilisoma 12.3 na inaendelea kushuka, ilhali ilipaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.5. Kisha akapima kwenye boliti ya alternata yenyewe, na namba hazikulingana na za betri. Alternata ilikuwa nzima, ila njia yake ya kwenda kwenye betri ilikuwa imekatika.

Ndani ya alternata kuna dayodi zinazoruhusu stima kutoka upande mmoja tu. Ukiunganisha betri kinyume, dayodi hizo zinageuka kuwa barabara wazi, mkondo mkubwa unapita ghafla, na kwa bahati nzuri kinachokatika kwanza ni fyuzi kubwa iliyoandikwa ALT kwenye kisanduku kilicho chini ya boneti, ambayo mara nyingi ni ya ampea 100 au 120. Fyuzi hiyo haichomolewi kwa vidole kama hizi ndogo, imefungwa kwa boliti kutoka ndani, na ndiyo sababu watu hawaiangalii. Yule makanika wa kwanza aliposikia alitaka kuniunganishia kipande cha waya wa shaba mahali pake. Nilimkatalia, na wewe ukiambiwa hivyo ukatae, kwa kuwa siku waya huo utakapogusa bodi ya gari hakutakuwa na kitu cha kuukata kabla haujashika moto.

La pili ni chumvi. Sisi tunaokaa na kuvuka maji, na nadhani Kigamboni ni vivyo hivyo, nyaya za ethi, yaani zile za hasi zinazofungwa kwenye chuma cha gari, zinaliwa kutoka ndani. Kwa nje mpira ni mzima, ukiupasua unakuta shaba imekuwa unga wa kijani. Waya unaotoka betri kwenda kwenye bodi na ule wa kwenda kwenye sanduku la gia uvute kwa mkono na uuangalie kwa karibu.

MwalimuKigamboni

Shikamoo mzee wangu wa Pongwe, na ahsante sana ndugu wa Likoni.

Nimeazima mita kutoka maabara ya fizikia ya shule, na mwanangu wa kidato cha tatu ndiye aliyezungusha ufunguo. Naleta namba kama zilivyoagizwa.

Kwenye vichwa vya betri, gari likiwa limelala usiku kucha: 12.3. Ufunguo ulipozungushwa likatoka "ta", dashibodi ikazima, na hapa ndipo nilipodhani mita imeharibika, kwa sababu betri iliendelea kusoma 12.3 kana kwamba hakuna mtu aliyeigusa. Nilitarajia ishuke. Nikahamisha ncha kama ulivyosema, moja kwenye kichwa cha hasi na nyingine kwenye teminali yake, vitu ambavyo kwa macho vimekumbatiana, na ufunguo ulipozungushwa mita ikasoma 11.8. Upande wa chanya ilisoma 0.0 muda wote.

Nikaifungua teminali ya hasi kwa spana ya 10. Haikuhitaji nguvu. Ndani yake, kati ya teminali na kichwa cha betri, kulikuwa na kipande cha bati la kopo la soda kilichokunjwa mara mbili, upande mmoja bado una rangi nyekundu, na pembeni yake msumari mdogo uliopigiliwa kukaza. Bati lilikuwa limeungua na kuwa jeusi mahali pamoja, doa dogo kama punje ya mtama. Bila vitu hivyo, teminali inazunguka kwenye kichwa cha betri kama pete ya mtu aliyekonda.

Sijui bati hilo liliwekwa lini, lakini nakumbuka fundi alipokuwa anairudisha betri alikwenda kuokota kitu nyuma ya banda lake.

FundiWaPongwe

Marahaba, mwalimu. Umefanya kazi ambayo baadhi ya vijana wangu wa gereji wanaikwepa.

Mita haikuharibika. Betri husoma pungufu pale tu inapotoa mkondo, na yako haikuwa inatoa kitu, kwa sababu njia ilikatika mara tu stata ilipoomba. Volti zote zikasimama pale mlangoni, kati ya kichwa na teminali, ndizo hizo 11.8 ulizozisoma. Rangi ile ya kopo nayo haipitishi umeme, kwa hiyo mkondo wa gari zima ulikuwa unapita kwenye hilo doa la punje ya mtama.

Sababu ya kulegea kwake ni hii. Betri za Kijapani za ukubwa huu, ambazo madukani tunaziita NS40, huja na vichwa vya aina mbili. Vile vyembamba vina kipenyo cha milimita 14.7 upande wa chanya na 13 upande wa hasi, na vile vinene vina takriban 19.5 na 17.9. Angalia maandishi ya betri: yakiishia kwa herufi S, kwa mfano NS40ZLS, vichwa ni vinene, na yakiishia NS40ZL bila S, ni vyembamba. Bila shaka kuna mwenye gari kabla yako aliyewahi kufunga betri ya vichwa vinene na kubadilisha teminali zake, kisha betri iliyofuata ikawa ya vichwa vyembamba, na tangu hapo watu wanakaza kwa bati. Lilidumu miaka yote kwa sababu hakuna aliyeligusa. Fundi wako alipolifungua, hakuweza kulirudisha jinsi lilivyokuwa.

Usirudishe msumari. Nunua teminali ya vichwa vyembamba, au vile vikombe vya risasi vinavyovalishwa juu ya kichwa chembamba ili kiwe kinene, vinauzwa kwenye maduka ya vipuri na si ghali. Kabla ya kufunga piga msasa kichwa na ndani ya teminali hadi ving'ae, kaza, kisha paka mafuta ya mgando kwa juu ili chumvi isiingie. Paka baada ya kukaza, si kabla. Ukifungua, anza na hasi, ukifunga, malizia na hasi, ili spana yako ikigusa bodi wakati unahangaika na chanya kusitokee kitu.

Betri yenyewe sijaimaliza. 12.3 baada ya kuchajiwa saa mbili ina maana haikujaa. Taa ndogo zote pamoja zinakula ampea 2 hadi 3, na betri ya NS40 ina kama ampea-saa 35, yaani ampea moja kwa kama saa 35, kwa hiyo ilikwisha Jumamosi mchana na ikakaa tupu siku mbili zaidi. Betri ya risasi ikikaa tupu, sahani zake zinaanza kuota ukoko mgumu unaopunguza uwezo wake, na kila siku inayopita ukoko unazidi kushika. Alternata haitaiponya, kazi yake ni kurudisha kidogo kilichotumika, haikutengenezwa kujaza betri tupu. Itafutie chaja ya taratibu, ampea 3 na nusu au 4 kwa usiku mzima, mahali penye hewa, maana inatoa gesi inayolipuka. Kama ina vifuniko vya maji, angalia maji kwanza. Ikishajaa iache saa kadhaa bila kuiunganisha, kisha irudie vipimo viwili vya mwanzo. Ikibaki na 12.6 na isishuke chini ya 9.6 stata ikizunguka, endelea nayo. Ikishindwa, hapo ndipo ununue betri, na utakuwa umeinunua kwa sababu.

Kuhusu taa ya ndani na redio, katika Toyota nyingi vitu hivyo viwili vinapata umeme wa kudumu kupitia fyuzi moja ndogo iliyoandikwa DOME, nayo iko kwenye kisanduku cha fyuzi chini ya boneti. Ichomoe uiangalie kwenye mwanga, bila shaka waya wake umekatika siku ya cheche. Weka ya ampea zile zile zilizoandikwa juu yake. Ikikatika tena papo hapo usiweke kubwa zaidi, turudi hapa tutafute panapogusana.

Injini kushuka kwenye foleni ni jambo jingine tena. Kompyuta ya injini hujifunza taratibu kiasi cha hewa ya kuipa injini ikiwa imetulia, na hulifidia hilo kadiri mlango wa hewa, ule unaopitisha hewa kuingia kwenye injini, unavyojaa masizi. Ukiondoa betri inasahau yote na kuanza na vipimo vya kiwandani, ambavyo vilikusudiwa mlango msafi. Ndiyo maana tatizo linaonekana limezaliwa siku ile, kumbe uchafu ulikuwepo siku zote. Ukishamaliza mambo ya betri, liwashe gari bila kukanyaga mafuta, liache lipate joto hadi feni ya rejeta izunguke, kisha liache dakika 10 bila kiyoyozi na dakika 10 kikiwa kimewashwa. Mara nyingi linajifunza upya na kutulia.

KijanaWaGereji

Mzee nimekubali kusahihishwa, sitarudia kumshauri mtu achomoe betri. Naomba kuuliza, sasa utajuaje kwamba alternata ni nzima bila kuchomoa?

FundiWaPongwe

Kwa mita ile ile, mwanangu. Injini ikiunguruma, pima kwenye vichwa vya betri bila mzigo, kisha washa taa kubwa, feni ya ndani na kiyoyozi, upandishe injini hadi mizunguko 2,000 hivi. Ikibaki kati ya 13.8 na 14.5, alternata na njia yake ni nzima. Ikiwa chini ya 13 fuata alichosimulia ndugu wa Likoni, pima kwenye boliti ya alternata na ulinganishe. Ikipanda juu ya 15, kidhibiti cha volti kimeharibika, na gari lisitembee hadi kitengenezwe, kwani kitachemsha betri na kuunguza balbu.

MwalimuKigamboni

Ndugu zangu, leo ni siku ya tano tangu niandike mara ya mwisho, nami nilitaka nizipime asubuhi kadhaa kabla ya kuleta majibu.

Nimefunga teminali mpya mbili za vichwa vyembamba. Betri ilichajiwa usiku kucha kwa rafiki mwenye chaja ndogo, ikalala bila kuunganishwa hadi jioni, ikasoma 12.6. Stata ilipozunguka ilishuka hadi 9.9, jambo ambalo naona ni pungufu kidogo lakini ndani ya mipaka. Gari limewaka asubuhi zote tano kwa mzunguko wa kwanza wa ufunguo. Kati ya kichwa cha hasi na teminali sasa inasoma 0.04. Injini ikiunguruma na mizigo yote imewashwa nimepata 14.1, kwa hiyo fyuzi ya ALT imenusurika, ingawa nimemweleza jirani yangu habari za Likoni na amenyamaza kwa muda mrefu.

Fyuzi ya DOME ilikuwa imekatika kama ulivyosema mzee, ya ampea 15. Nimebadilisha, taa ya ndani na redio vimerudi, isipokuwa stesheni zote zimefutika.

Kimebaki kimoja. Nimefanya zoezi la dakika 10 na 10, na injini imetulia vizuri bila kiyoyozi, lakini kikiwashwa bado inayumba kidogo kabla ya kukaa sawa. Pia jirani anauliza kama kosa lilikuwa la nyaya zake, kwa sababu aliziona zinapata moto mkononi.

BandariniLikoni

Nyaya zinazopata moto ni nyembamba kuliko zinavyoonekana. Nyingi zinazouzwa barabarani zina mpira mnene na shaba kidogo ndani. Mwambie akate ncha moja aangalie, akikuta nyuzi chache kama za waya wa pasi, azitumie kuanikia nguo.

FundiWaPongwe

Ndugu wa Likoni amemaliza habari ya nyaya. Namna ya kuunganisha nayo jirani aijue: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokwisha, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ya nyeusi kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokwama, mbali na betri. Cheche ya mwisho haikwepeki, kwa hiyo itokee mahali pasipo na gesi ya betri. Kisha gari lenye betri nzima liungurume dakika 5 hadi 10 kabla ya kujaribu stata, betri tupu ipate kitu chake, ili stata isitegemee nyaya pekee.

Hiyo 9.9 mwalimu uiandike mahali pamoja na tarehe. Ipime tena baada ya miezi mitatu, na ikiwa imeshuka hadi 9.6 anza kuweka akiba ya betri.

Kuhusu kuyumba, mlango wa hewa unahitaji kusafishwa. Legeza mpira unaotoka kwenye chujio la hewa, utauona mlango wenyewe kama sarafu nyeusi ndani ya bomba. Tumia dawa ya kupuliza ya kusafishia mlango wa hewa na kitambaa laini, ufute pembezoni ambako sarafu inakutana na bomba, maana masizi hukaa hapo. Gari lisiwe linaunguruma, na usimwagie dawa ndani kwa wingi. Ukimaliza rudia zile dakika 10 na 10, kwa sababu kompyuta sasa imejifunza mlango mchafu na itabidi ijifunze upya.